Mwili Laini Ndani ya Jiwe kwa Miaka Milioni 508: Imewezekanaje?

Swali la msomaji:

"Mtaalamu, habari za kazi. Nimekuwa nikitazama picha za visukuku vya wanyama wa baharini kutoka Burgess Shale huko Canada, na nimeshindwa kuelewa. Maelezo yanasema wengi wa wanyama hao hawakuwa na mifupa wala magamba, na kwamba wana umri wa zaidi ya miaka milioni 500, lakini kwenye picha yanaonekana macho, utumbo na hata miguu midogo. Samaki akiachwa nje siku moja tu huanza kunuka. Imekuwaje viumbe laini kiasi hicho wasioze? Je, nyama yao bado imo ndani ya jiwe? Nimesoma pia kwamba machimbo yenyewe yako juu mlimani, na kwamba michoro ya viumbe hao imebadilishwa mara kadhaa, jambo linalonifanya nijiulize kama wataalamu hawabahatishi tu. Mwisho, ninalo jiwe bapa la rangi ya krimu lenye alama nyeusi yenye matawi mengi, na aliyenipa alisema ni mwani wa bahari ya kale. Picha yake ninaituma pamoja na barua hii. Yuko pia muuzaji mtandaoni anayenadi kisukuku anachodai kimetoka Burgess. Nifanye nini?"

Jibu:

Ndugu msomaji, umeuliza jambo ambalo wanajiolojia wenyewe wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka mia moja, na mfano wako wa samaki umegusa penyewe. Unataka kujua ni kwa namna gani miili ile iliepuka kuoza. Ukweli ni kwamba haikuepuka. Karibu kila kisukuku cha aina hii kilioza kwa kiasi fulani, na tofauti yake na samaki wako ni kwamba uozo ulisimamishwa ukiwa njiani. Tena katika maeneo mengi ni uozo huohuo uliosababisha madini kujijenga na kulihifadhi umbo la mnyama. Ukilishika hilo, maswali yako mengine yatajibika kwa urahisi zaidi, likiwemo lile la michoro inayobadilika.

Nianze na nyama, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hupotoka. Hapana, nyama haimo. Ndani ya mawe ya Burgess kilichobaki ni utando mwembamba mno wa kaboni, mabaki ya ngozi, utumbo na viungo vingine baada ya maji kukamuliwa, molekuli kuvunjika na mzigo wa mashapo kuubana mwili mpaka ukawa bapa, kama ua lililosahaulika kati ya kurasa za kitabu. Mawe hayo baadaye yalizikwa kilomita kadhaa chini ya mashapo mengine, yakapata joto kali, na sehemu za utando huo zikafunikwa na madini ya jamii ya udongo wa mfinyanzi ambayo hung'aa mwanga unapoyapiga kwa pembe fulani. Ndiyo maana wapiga picha wa visukuku hivi hutumia taa ya pembeni na vichujio maalumu, na wakati mwingine huloanisha jiwe, ili umbo lijitokeze. Mtu akiliangalia jiwe hilohilo katika mwanga wa kawaida anaweza kuona doa jeusi tu. Wala usitarajie vinasaba: DNA ya kale kuliko zote iliyosomwa mpaka sasa, iliyotoka kwenye mashapo ya Greenland na kutangazwa mwaka 2022, ina umri wa takriban miaka milioni 2, na umri huo ni mdogo sana ukilinganishwa na miaka milioni 508 ya Burgess.

Sasa tuje kwenye kuoza kwenyewe. Mnyama laini anapokufa baharini, maadui wake wa kwanza ni wale wanaoonekana kwa macho, yaani walaji mizoga kama kaa, minyoo na samaki. Hao wakikosekana, kazi inabaki kwa vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe na kwa bakteria, wakiwemo waliokuwa wakiishi ndani ya utumbo wake. Maelezo mengi mafupi husema kwamba siri ya uhifadhi ni kukosekana kwa oksijeni, basi. Kauli hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki inapotosha. Maji yasiyo na oksijeni huwafukuza walaji mizoga na wachimbaji wa matope, na hilo ni jambo kubwa sana, lakini hayawazuii bakteria. Peter Allison alichapisha mwaka 1988 matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba mizoga huharibika kwa kasi hata mahali pasipo na oksijeni, kwa sababu wapo bakteria wanaotumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari badala ya oksijeni. Salfeti ni nyingi baharini. Kwa hiyo mzoga uliozama katika maji yasiyo na oksijeni bado unaliwa, na bila jambo jingine kuingilia kati hautaacha chochote.

Jambo hilo jingine ndilo kiini cha jibu langu, na halikuwa la aina moja kila mahali.

Huko Burgess, wanyama waliishi karibu na mguu wa jabali kubwa la chini ya bahari. Matope laini yalikuwa yakiporomoka mara kwa mara, yakiwabeba wanyama na kuwafukia kwa dakika chache. Tunalijua hilo kwa kuwa miili imelala kwa kila pembe: mingine chali, mingine ubavu, mingine imesimama kichwa chini, na tope limeingia hata kati ya miguu na kutenganisha kiungo na kiungo. Mnyama aliyekufa taratibu na kutulia sakafuni hawezi kulala hivyo. Kufukiwa haraka kuliwaondoa walaji mizoga, ila bado kulibaki suala la bakteria na salfeti. Mwaka 2012 Robert Gaines na wenzake walieleza kwamba mara tu baada ya kila poromoko, chokaa iliganda juu ya tabaka na kuziba vijitundu vyake, hivyo salfeti kutoka kwenye maji ya juu haikuweza kupenya kuwafikia bakteria waliokuwa chini. Bahari za kipindi cha Kambria, yaani enzi walimoishi wanyama hao wa Burgess, kwa maelezo yao, zilikuwa na salfeti kidogo kuliko za leo na zilielekea kugandisha chokaa kwa urahisi, na hapo inaeleweka kwa nini uhifadhi wa namna hii ni wa kawaida katika mawe ya Kambria na ni adimu baadaye.

Wapo wataalamu wanaotilia uzito mambo mengine. Wengine husema chembe za udongo wa mfinyanzi ziling'ang'ania vimeng'enya vya kuozesha na kuvinyima kazi, na wengine husema madini ya chuma yalijishikiza kwenye tishu na kuzikinga. Mimi binafsi naona maelezo ya kuzibwa kwa tabaka yana nguvu zaidi kwa sababu yanaeleza kwa pamoja mawe ya Burgess na yale ya Chengjiang huko Yunnan, China, yenye umri wa takriban miaka milioni 518. Hata hivyo mjadala haujafungwa, na huenda njia zaidi ya moja zilifanya kazi kwa pamoja.

Kwingineko, bakteria hawakunyimwa chakula. Waliachwa wale, na matokeo ya mlo wao yakawa jiwe. Bakteria wanaotumia salfeti hutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza, na gesi hiyo ikikutana na chuma kilichoyeyuka katika matope, madini ya pairaiti, yaani mchanganyiko wa chuma na salfa, huanza kuota pale pale penye uozo. Katika mawe ya Hunsrück huko Ujerumani, yenye umri wa takriban miaka milioni 400, viti vya pweza na arithropodi (wanyama wenye miguu ya pingili, kama kaa na kamba) wamegeuka pairaiti namna hii, na kwa kuwa pairaiti huzuia eksirei, mtafiti anaweza kuona miguu na vipapasio ambavyo bado vimefunikwa ndani ya jiwe bila kuligusa kwa patasi.

Njia ya fosfeti, yaani madini yenye fosforasi, inashangaza zaidi. Katika miaka ya 1990, Derek Briggs na Amanda Kear waliwaweka kamba waliokufa ndani ya vyombo vilivyofungwa vyenye maji ya bahari, wakaona misuli ikianza kugeuka fosfeti ya kalsiamu ndani ya wiki chache tu. Uozo ulizalisha asidi, na asidi hiyo ikabadilisha mizani ya kemia ndani ya chombo, kiasi kwamba fosfeti ikaganda badala ya chokaa. Zingatia muda wenyewe, ndugu yangu, kwa sababu kuna dhana iliyoenea kwamba kugeuka jiwe ni kazi ya mamilioni ya miaka. Mamilioni ya miaka ni muda ambao kisukuku kimekaa baada ya kuwa kisukuku. Hatua inayoamua kama macho na misuli vitaonekana au havitaonekana hukamilika katika siku, wiki au miezi michache baada ya kifo, na ikipita bila madini kushika, basi nafasi imekwisha moja kwa moja.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa njia hii ya fosfeti, kwa maoni yangu, ni viumbe vidogo vya Orsten nchini Sweden, vyenye umri wa takriban miaka milioni 500. Klaus Müller alianza kuvichunguza katika miaka ya 1970 kwa kuyeyusha mawe ya chokaa katika asidi hafifu, na katika mashapo yaliyobaki akakuta arithropodi wasiofika milimita 2, wakiwa hawakubanwa, na vinyweleo vya miguu yao bado vimesimama. Asidi iliyeyusha chokaa na kuiacha fosfeti. Bahati mbaya njia hii huhifadhi vitu vidogo tu kwa ubora huo, kwa hiyo mnyama mkubwa wa bahari ileile hatumwoni.

Umeniuliza kuhusu Burgess, lakini sitaki ubaki na picha ya machimbo mamoja tu ya ajabu. Charles Doolittle Walcott, aliyekuwa akiiongoza Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, alivikuta visukuku vya kwanza vya Burgess mwaka 1909, kwenye mgongo wa mlima katika jimbo la British Columbia, na katika misimu iliyofuata alikusanya zaidi ya vielelezo 65,000. Kwa muda mrefu baada ya hapo ilidhaniwa kwamba jamii nyingi za wanyama hao zilitoweka kipindi cha Kambria kilipokwisha. Kisha, mwanzoni mwa karne hii, mkusanyaji wa Morocco aitwaye Mohamed Ou Saïd Ben Moula akagundua katika mawe ya Fezouata, karibu na Zagora, vielelezo vilivyohifadhi viungo laini, akaviona ni vya pekee, akawaonyesha wanasayansi. Mawe hayo ni ya kipindi cha Ordovisia, kilichofuata baada ya Kambria, yana umri wa takriban miaka milioni 480, na ndani yake wamo ndugu wa wanyama wale waliodhaniwa kutoweka. Mmoja wao, aliyetangazwa mwaka 2015, alikuwa na urefu wa takriban mita 2 na alichuja chakula kutoka majini; alipewa jina Aegirocassis benmoulae kwa heshima ya Ben Moula. Ninalitaja jina lake kwa makusudi, kwa kuwa wanaoyajua mawe ya kwao mara nyingi huachwa nje ya simulizi za sayansi, na bila jicho lake tungeendelea kuamini kutoweka ambako hakukutokea wakati ule.

Funzo kubwa la Fezouata ni kwamba kutoonekana kwa kiumbe katika mawe hakumaanishi kwamba hakuwepo. Simon Conway Morris alikadiria mwaka 1986 kwamba katika Burgess ni takriban asilimia 14 tu ya jenasi (makundi ya spishi zilizo karibu) zilizokuwa na sehemu ngumu za kuweza kubaki katika mazingira ya kawaida. Maana yake ni kwamba machimbo ya kawaida ya bahari ileile yangetuonyesha trilobiti, wale arithropodi wa kale wenye ganda gumu, na makombe machache, nasi tungedhani tumeiona bahari nzima.

Hapo ndipo linapoingia shaka lako kuhusu michoro, na ni shaka ya haki. Kisa cha Hallucigenia kinafaa kuelezwa kwa urefu. Huyu ni mnyama mdogo, urefu wake ni sentimita chache, mwenye miiba mirefu upande mmoja wa mwili na viungo laini upande mwingine. Walcott alimweka katika jenasi ya minyoo aliyoiita Canadia. Mwaka 1977 Conway Morris alimpa jina jipya na kumchora akitembea juu ya miiba kana kwamba ni miguu, huku viungo laini, ambavyo kwenye vielelezo vyake vilionekana safu moja tu, vikiwa mgongoni. Mwaka 1991 Lars Ramsköld na Hou Xianguang, wakiwa wameshaona ndugu zake katika mawe ya Chengjiang, walimpindua: miiba ikawa ya mgongoni kwa ajili ya kujikinga, na viungo laini vikawa miguu. Bado kichwa kilileta utata, kwa kuwa ncha moja ilikuwa na doa kubwa la mviringo lililochukuliwa kuwa ndicho kichwa. Mwaka 2015 Martin Smith na Jean-Bernard Caron walitumia hadubini ya elektroni, wakakuta macho mawili na duara la meno kwenye ncha ya pili. Lile doa lilikuwa majimaji ya uozo yaliyokamuliwa kutoka kwenye utumbo.

Kwa hiyo kwa miongo kadhaa wataalamu walikuwa wakiutazama uozo na kuuita kichwa. Ukikumbuka nilichosema mwanzoni, hutashangaa. Madoa kama hayo ni ya kawaida Burgess. Hata Marrella, arithropodi mdogo aliyepatikana kwa maelfu, mara nyingi ana doa jeusi nyuma ya mwili wake. Mchoro haukubadilishwa kwa kubahatisha. Kila mara ulibadilishwa kwa sababu ya kielelezo kipya au chombo kipya cha kuonea, na kila badiliko linaweza kukaguliwa na mtu mwingine kwa kuwa jiwe bado lipo kwenye droo ya makumbusho.

Anomalocaris naye alipitia njia kama hiyo. Kiungo chake cha mbele kilielezwa mwaka 1892 na Joseph Whiteaves kuwa mwili wa kamba asiye na kichwa, kinywa cha ndugu yake kikaitwa konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha ngozi, na kiwiliwili kikaitwa jongoo bahari. Ilikuwa mwaka 1985 ndipo Harry Whittington na Derek Briggs walipoeleza kwa ukamilifu kwamba vipande hivyo vyote ni vya kundi moja la wanyama wakubwa wawindaji.

Lipo onyo jingine ambalo wachoraji wengi hulisahau. Robert Sansom, Sarah Gabbott na Mark Purnell walichunguza mwaka 2010 jinsi jamaa wa samaki wasio na taya wanavyooza, wakakuta kwamba sifa zinazomtambulisha mnyama kuwa wa tawi fulani la juu huoza mapema, na zile za zamani zinazoshirikiwa na wengi hudumu. Mzoga uliooza nusu, kwa hiyo, huonekana wa jamii ya kale kuliko alivyokuwa mnyama mwenyewe. Tangu hapo mtafiti makini akikuta kiungo hakipo, hujiuliza kwanza kama hakikuwepo tangu mwanzo au kiliondolewa na uozo kabla madini hayajashika.

Na rangi? Kwa wanyama wa Burgess, rangi unazoziona kwenye michoro zimechaguliwa na msanii, na ni vyema uzichukulie hivyo. Mahali pengine tunaweza kusema kitu: ikithiosauri wa Holzmaden, Ujerumani, reptilia wa baharini wa takriban miaka milioni 180 iliyopita aliyechunguzwa na Johan Lindgren na wenzake mwaka 2018, alibakiwa na mabaki ya mafuta ya chini ya ngozi pamoja na seli za rangi zinazoonyesha kwamba mgongo ulikuwa mweusi kuliko tumbo.

Kuhusu mlima nitasema kwa ufupi. Bahari haikupanda, sakafu yake ndiyo iliyoinuliwa. Matope ya Burgess yaligeuka mwamba, na mamia ya mamilioni ya miaka baadaye mabamba ya ganda la dunia yaliposukumana na kuijenga milima ya Rocky, mwamba huo ulibebwa nayo hadi kwenye mwinuko wa takriban mita 2,300. Umri wake nao haukupatikana kwa kaboni 14, maana kipimo hicho hakifai kwa vitu vya zaidi ya miaka 50,000 hivi. Hutumika trilobiti waliomo, ambao spishi zao hufuatana kwa mpangilio unaojulikana duniani kote, na mpangilio huo umefungwa kwenye tarehe kwa kupima urani na risasi katika fuwele za zirikoni zilizomo kwenye majivu ya volkeno ya mahali pengine.

Sasa jiwe lako. Nimeitazama picha kwa makini, na ingawa picha haiwezi kuchukua nafasi ya jiwe mkononi, ninachokiona kinaelekea zaidi kuwa dendriti kuliko mwani. Dendriti ni madini, kwa kawaida oksidi za manganizi na chuma, ambayo maji huyapitisha katika ufa mwembamba wa jiwe na kuyaacha yakigandia humo kwa umbo la matawi. Hutokea sana kwenye mawe bapa ya chokaa yenye rangi ya krimu kama lako, yakiwemo yale mashuhuri ya Solnhofen, Ujerumani, ambayo huwa na dendriti na visukuku halisi katika jiwe moja, na ndiyo sababu hata watu waaminifu hukosea. Tazama alama inaanzia wapi: katika picha yako matawi yanaingia kutoka ukingoni na kwenye ufa unaopita katikati, na hivyo ndivyo madini yanavyosafiri. Mmea ungekuwa na shina la unene unaopungua kwa utaratibu, mahali pa kushikia, na matawi yanayotoka shinani kwa mpangilio unaojirudia; matawi ya dendriti hugawanyika bila mpangilio huo na huishia kwenye ncha butu za chembechembe. Aliyekupa huenda hakuwa na nia ya kukudanganya hata kidogo. Nami ninaweza kukosea kuhusu jiwe ambalo sijalishika, kwa hiyo usilitupe.

Kuhusu muuzaji, ushauri wangu ni thabiti: usinunue. Machimbo ya Burgess yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yoho, ni sehemu ya urithi wa dunia wa UNESCO, na kuchukua hata kipande kidogo bila kibali cha utafiti ni kosa kisheria. Kisukuku kinachonadiwa ama ni cha wizi, ama kimetoka kwingine, ama kimetengenezwa. China nayo inadhibiti vikali usafirishaji wa visukuku vyake kwenda nje, na Brazil imevihesabu visukuku kuwa mali ya taifa tangu mwaka 1942. Yapo maeneo ambako biashara hii inaruhusiwa kwa masharti, na sipendi kuwahukumu wachimbaji wanaoishi kwa kazi hiyo halali, kwani Ben Moula mwenyewe alikuwa mkusanyaji; lakini ukitaka kununua popote, dai hati ya asili na kibali cha kusafirisha nje kabla hujatoa fedha. Visukuku vya kughushi ni vingi, hasa trilobiti wa kumwagwa kwa resini na viungo laini vilivyopakwa rangi kuzunguka mifupa halisi. Viputo vidogo vya hewa, mstari wa gundi, au kisukuku chenye rangi na chembe zisizofanana kabisa na jiwe linalokizunguka ni dalili za kuogopa, ingawa ghushi nzuri haina hata moja kati ya hizo na hutambuliwa na mtaalamu pekee, tena kwa hadubini.

Hapo ndipo unapohitaji mtu wa kulishika jiwe. Ningekuomba ulipeleke kwenye makumbusho yenye idara ya historia ya asili au kwenye idara ya jiolojia ya chuo kikuu, na ufanye hivyo mapema zaidi ikiwa utaona mojawapo ya mambo haya: umbo lenye pande mbili zinazolingana, pingili zinazojirudia, kitu kinachofanana na jicho au utumbo, au unga wa manjano au mweupe unaotoka kwenye sehemu inayong'aa. Unga huo huashiria pairaiti inayoharibika kwa unyevu wa hewa, na uharibifu huo ukianza unaweza kukimaliza kisukuku chote.

Kabla ya kulipeleka, usilisugue, usilitie siki wala asidi yoyote, na usilipake vanishi ili ling'ae. Vanishi huziba kile hasa ambacho mtaalamu anataka kukiona. Lifunge kwa karatasi laini, liweke mahali pakavu, na kama lipo jiwe la pili lililobanduka kutoka upande wake wa juu, libebe pia, kwa kuwa mara nyingi nusu ya mnyama hubaki upande huo. Andika kwenye karatasi kila unachokijua kuhusu lilikotoka, na umuulize aliyekupa kabla hajasahau: mahali, tabaka, mwaka. Bila taarifa hiyo hata kisukuku cha kweli hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa sayansi. Mtaalamu atalitazama kwa lenzi, pengine atajaribu chembe moja ya ile alama nyeusi, na kama ni manganizi atakuambia hapo hapo. Akikuambia ni kitu kingine, ninakuomba uniandikie tena unijulishe.